Kuoneana Muhali Kulivyotaka Kutuulia Shirika

Sera zetu za kwanza nilizinakili kwa usiku mmoja, kwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika kila nikigusa waya. Mfadhili alikuwa ameandika kwamba kabla hajatuma fedha anataka kuona sera sita: ya fedha, ya manunuzi, ya mgongano wa maslahi, ya ulinzi wa watoto, ya malalamiko na ya utumishi. Alitupa wiki tatu. Hatukuwa na hata moja. Tulikuwa na katiba, ile iliyopelekwa kwa Msajili wakati wa kuandikisha shirika, na muhuri, na jalada la kijani. Rafiki yangu wa chuo aliyekuwa kwenye shirika la kuchimba visima akanitumia za kwao. Nikafuta jina lao, nikaweka letu, nikapeleka. Kurasa 74. Muda mrefu baadaye mkaguzi wa hesabu alituonyesha kwamba ukurasa wa 31 bado tulikuwa tumeahidi "kuzungushia uzio mashimo yote kabla ya jua kuzama". Sisi tunashonea watoto sare za shule.

Ilikuwa mwaka 2019. Shirika letu liko Pangani, mkoani Tanga. Lilianzishwa na Mwalimu, mwalimu mkuu mstaafu aliyenifundisha darasa la kwanza. Serikali ilipofuta ada kuanzia Januari 2016, aliona bado kuna watoto wanaobaki nyumbani kwa kukosa kaptula na viatu, akaanza kuwanunulia kwa fedha ya kiinua mgongo chake. Mimi niliingia nikiwa na diploma ya uhasibu, nikawa karani, nikawa mhasibu, nikaishia kuwa mratibu. Kwenye shirika dogo hupandi cheo, cheo kinakuangukia.

Bodi ilikuwa na watu saba. Mwalimu mwenyewe ndiye mwenyekiti. Alikuwamo shemeji yake, ambaye ndiye mwenye nyumba tuliyopanga ofisi. Mweka hazina, jirani yake wa miaka mingi. Ustaadh wa madrasa. Mzee mmoja wa kanisa. Muuguzi mstaafu tunayemwita Mama Nesi. Na mtoto wa kaka yake Mwalimu aliyekuwa akiishi Dar es Salaam na sikuwahi kumwona kikaoni. Kikao cha kupitisha sera kilichukua dakika arobaini, na humo humo tulikula pilau. Mwalimu aliuliza, "Haya, kuna mwenye neno?" Hakuna aliyekuwa na neno, kwa sababu hakuna aliyesoma. Zilikuwa za Kiingereza, na wajumbe wanne Kiingereza cha namna hiyo hakiwapandi. Nikapiga picha ukurasa wa saini, nikamtumia mfadhili. Nilijiona mjanja.

Nilikuwa najua kwa nini wafadhili wamekuwa wakali. Mwaka uliotangulia magazeti ya Uingereza yalikuwa yameandika kuhusu wafanyakazi wa Oxfam waliotuhumiwa kununua ngono nchini Haiti baada ya tetemeko la 2010, na tangu hapo kila mwenye kutoa fedha alitaka karatasi ya kumkinga. Mimi nikayaweka kwenye fungu la mambo ya Wazungu. Pangani sote tunajuana. Nani angemfanyia nani?

Fedha ikaja: milioni 92 kwa awamu mbili, milioni 46 kila moja. Tulisherehekea. Sikujua kwamba kwa kanuni za mwaka 2018 mkataba wa ufadhili unaozidi milioni 20 unatakiwa upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, na fedha yenyewe itangazwe kwa umma. Nilikuja kuambiwa na afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, mwaka mzima umeshapita, tena kwa upole kuliko nilivyostahili. Ukisoma hapa na shirika lako ni changa, nenda kwa huyo afisa kabla hujaenda kwa mwanasheria. Ndiye jicho la Msajili wilayani, na hatozi kitu kukuelewesha. Muulize pia kuhusu Kanuni za Maadili za mashirika yasiyo ya kiserikali, zile za mwaka 2008. Zinakuhusu hata kama hujawahi kuziona.

Sasa niseme mambo matatu yaliyotupeleka pabaya. Nayasema jinsi yalivyotokea, na mkono wangu umo katika yote matatu.

La kwanza ni sare. Watoto 214. Mkwe wa Mwalimu, mke wa mwanawe wa pili, ana cherehani mbili na anashona vizuri tu. Kazi akapewa yeye. Hakuna aliyesema "mpeni". Mwalimu alisema kikaoni, "Na yule binti pale nyumbani naye yupo," basi. Alitoza 28,000 kwa seti. Mimi nilikuwa nimeshauliza bei kwa fundi wa Tanga mjini, akaniambia 21,000, na karatasi yake ilikuwa mkobani mwangu wakati naandika vocha ya malipo. Zidisha 7,000 kwa 214 utapata 1,498,000. Sikuiba hata senti. Mkwe hakuiba, sare alishona. Mwalimu hakuiba. Lakini fedha ya watoto kama sabini hivi iliondoka, na nilikuwa nimekaa nayo meza moja nikiitazama inavyoondoka.

La pili ni mkopo. Mke wa mweka hazina alilazwa, akatakiwa afanyiwe upasuaji. Mume alikuja ofisini saa 12 asubuhi, kanzu ya jana. Alihitaji 3,200,000, na akaunti ya shirika ilikuwa na fedha zilizosubiri mwezi wa pili ndipo zitumike. "Nitarudisha nikiuza ng'ombe." Hundi zetu zilihitaji saini mbili: yake na yangu. Hebu fikiria. Nilisaini. Hadi leo mtu akiniuliza kama ningemkatalia, jibu halinitoki upesi. Mke alipona. Ng'ombe waliuzwa, zikarudi 1,100,000, nyingine zikaishia kwenye dawa.

La tatu ndilo linaloniamsha usiku. Tulitengeneza bango la kuchangisha, tukaweka picha ya mvulana mmoja mwenye ulemavu wa miguu, amekaa kizingitini, na chini yake maneno: "Yatima huyu anasubiri msaada wako." Mama yake alikuwa ameweka dole gumba kwenye karatasi ya idhini. Mama yule hajui kusoma, na mimi sikumsomea; nilimwambia tu ni karatasi ya picha. Wiki tatu baadaye alikuja mwanamume, mvuvi, amevaa shati la kutokea. Akasimama mlangoni, akakataa kiti. "Nimekuja kuuliza," alisema, "nilikufa lini."

Alikuwa baba wa yule mtoto. Alikuwa akivua upande wa Mafia miezi kadhaa, na sisi kwa kuwa hatukumkuta nyumbani tukamzika kwenye bango. Mtoto alikuwa ameanza kuitwa "yatima wa bango" shuleni. Bango tuliliondoa siku ile ile, lakini utani wa watoto hauondolewi na mratibu.

Kila mara ninaposimulia haya, watu hutafuta mwizi. Wanaona raha zaidi akipatikana mwizi. Mwizi hakuwapo. Kulikuwa na muhali. Nilimwonea muhali Mwalimu kwa sababu ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu. Nilimwonea muhali mweka hazina kwa sababu mkewe alikuwa mgonjwa kweli. Wajumbe wakamwonea muhali mwenyekiti, mwenyekiti akamwonea muhali mkwewe. Yule mama wa mtoto akanionea muhali mimi, akaweka dole. Zile kurasa 74 hazikuwa na neno la kumzuia mtu kuona muhali, kwa sababu walioziandika mara ya kwanza, huko zilikoandikwa, hawakuwa na neno hilo.

Mkaguzi wa nje alikuja Februari 2022. Bodi ilitaka tumchukue kijana mmoja wa bei nafuu anayejiita mkaguzi. Mfadhili akasisitiza awe amesajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Hapo nawashukuru. Alikaa siku nne, hakunywa hata soda yetu, mwisho akatoa hati yenye shaka. Sare, mkopo, mkataba ambao haukufika kwa Msajili. Akaongeza na ambalo hata hatukulijua: kodi ya pango. Tulikuwa tukimlipa shemeji yake Mwalimu 150,000 kila mwezi bila kukata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kuipeleka TRA. Miezi 24, sawa na 360,000, na riba juu. Shirika kuwa la hisani hakukuondolei kodi hizi. Hata msamaha wa kodi ya mapato hauji wenyewe na cheti cha usajili, unaombwa TRA peke yake, na makato ya mishahara, NSSF na zuio yanabaki palepale.

Mfadhili akasimamisha awamu ya pili. Akatudai gharama alizozikataa: ile 1,498,000 ya sare na 2,100,000 iliyobaki ya mkopo, jumla 3,598,000. Tukakaa wafanyakazi watano miezi minne bila mshahara. Mmoja aliondoka, na alikuwa mzuri kutushinda. Sokoni nilisikia kwa masikio yangu, "Ndio hao waliokula hela za watoto." Mume wangu aliniambia nijiuzulu, na kwa wiki mbili barua ilikaa kwenye droo, imeshasainiwa.

Sikuipeleka, si kwa ushujaa. Niliona aibu kumwachia Mwalimu barua mezani na kutoroka. Muhali tena, safari hii ukanisaidia.

Kumwambia mzee wako kwamba amekosea kuna adabu zake, na nashauri usizivunje hata kama una haki yote duniani. Sikwenda peke yangu na sikwenda na barua. Nilimwomba Ustaadh tufuatane, baada ya alasiri, nyumbani kwa Mwalimu, si ofisini. Nilimwamkia. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja na Ustaadh, basi kuna jambo." Nikalieleza, mambo yote matatu, nikaanza na makosa yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma. Leo umekuja kunisomea mashtaka?"

Sikuwa na jibu. Ustaadh ndiye aliyesema, taratibu, "Mwalimu, hii ni amana. Na amana haimjui mkwe."

Mzee aliinuka akaingia ndani. Nikadhani ametufukuza kwa namna yake. Alirudi na daftari kuukuu lenye jalada gumu. Shule aliyokuwa akiiongoza ilikuwa na minazi, na kila nazi zilipoanguliwa aliandika: idadi, mkwezi nani, aliyehesabu nani, aliyeshuhudia nani, zimeuzwa kwa nani kwa bei gani. Saini tatu kila ukurasa. "Hata nazi mbovu niliandika," alisema. Alitaka kutuonyesha kwamba yeye si mtu wa kuambiwa habari za hesabu. Na kweli, ningekuwa mkaguzi ningempa hati safi.

Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la kwanza: "Mbona kwenye shirika hatukuandika hivi?"

"Ile ilikuwa shule ya serikali," akajibu. "Hili ni langu."

Akanyamaza. Nadhani alilisikia neno lake lilivyotoka. Hakuna aliyeongeza. Tulikunywa kahawa, tukaondoka, na wiki iliyofuata aliitisha kikao mwenyewe.

Kama kuna sehemu ya simulizi hii ningependa mtu aibebe, ni namna tulivyoandika sera mara ya pili. Tulizitupa zile 74. Tulikaa Jumamosi sita, bodi na wafanyakazi, tukaandika kwa Kiswahili, na sharti lilikuwa moja: hakuna kifungu kinachoingia mpaka tuseme kimetokana na nini kilichowahi kutupata, au kilichowapata watu tunaowafahamu. Tulipata kurasa 9. Kifungu kimoja kinaanza hivi: "Kwa sababu mwaka 2021 tulimtangaza baba aliye hai kuwa amekufa…" Mfadhili aliposoma tafsiri alidhani ni kosa la uchapaji.

Kuhusu mgongano wa maslahi tulifanya jambo dogo ambalo naona limetusaidia kuliko yote. Ajenda ya kwanza ya kila kikao, baada ya kufungua na kuhesabu akidi, ni tangazo la maslahi. Kila mjumbe anaulizwa kwa jina: katika mambo ya leo, kuna ndugu yako, jirani yako, biashara yako? Anaulizwa hata kama tunajua hana. Ukiuliza mmoja tu unamtuhumu, ukiuliza wote ni utaratibu kama kumjibu mwalimu anapoita majina darasani. Mwenye jambo anatoka nje. Hanyamazi akiwa ndani, anatoka kabisa, kwa sababu mkubwa akikaa kimya chumbani bado anasikika. Anakwenda kukaa chini ya mwembe, na katibu anaandika kwenye muhtasari saa aliyotoka na saa aliyorudi.

Manunuzi ya kuanzia laki tano yanataka profoma tatu, yaani karatasi za bei za wauzaji watatu, na anayezikusanya si anayechagua, na anayechagua si anayelipa. Tuko wafanyakazi wachache, kwa hiyo ilibidi mjumbe mmoja wa bodi aingie kwenye kamati ya manunuzi. Wataalamu wanasema bodi isiingie kwenye kazi za kila siku. Sawa, lakini wataalamu wana ofisi yenye watu thelathini. Saini za benki zikawa za watu watatu, wowote wawili, na wawili hao wasiwe wa nyumba moja wala wa baraza moja la kahawa.

Mkopo ulitusumbua zaidi. Kuandika "ni marufuku kukopesha fedha za shirika" ni mstari mmoja. Lakini mke wa mtu atalazwa tena, na mtu atakuja tena saa 12 asubuhi. Tukaona ukimfungia mtu mlango bila kumwonyesha mwingine, atarudi kuuvunja huo huo. Basi tukaanzisha mfuko wa kufa na kuzikana, nje kabisa ya akaunti ya shirika, 5,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi na mjumbe anayetaka. Haujawahi kuwa na fedha nyingi. Lakini sasa mtu akija na shida yake ninao mlango wa kumwonyesha, na mkono wangu hauendi kwenye kitabu cha hundi.

Zawadi nazo. Sera ya wachimba visima ilisema tusipokee zawadi inayozidi dola 50. Hapa hakuna anayeleta dola. Wanaleta kuku, mkungu wa ndizi, chungu cha asali kutoka bara. Kukataa kuku wa bibi aliyetembea nusu siku ni kumtukana. Tulibishana Jumamosi nzima, na naweza kusema ndiyo Jumamosi tuliyocheka zaidi. Tuliamua: kitu cha kula kinapokelewa, kinaandikwa kwenye daftari, kinapikwa kikaliwa na wote siku hiyo hiyo, na aliyeleta anaambiwa hivyo palepale. Fedha, kitenge, vocha ya simu, hapana. Na kuanzia Novemba hadi Januari, miezi tunayochagua watoto wa kusaidiwa, hata kuku hapana. Mwaka wa kwanza jogoo mmoja alirudishwa hadi Mwera kwa bodaboda, nauli nililipa mwenyewe.

Picha za watoto hatupigi tena uso, ila mzazi akitaka. Idhini inasomwa kwa sauti, mzazi anaonyeshwa picha yenyewe pamoja na maneno yatakayokwenda nayo, na anaambiwa anaweza kuja kesho akasema "nimeghairi". Baadaye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, Mei 2023, tuligundua tumeshajiweka karibu na inachotaka. Lakini sisi hatukufundishwa na sheria, tulifundishwa na mvuvi mlangoni.

Nisiseme yote yalikwenda sawa. Sanduku la maoni tuliliweka ukutani, zuri, lenye kufuli. Miezi minane lilitoa ganda la pipi na barua moja ya kuomba kazi. Mama Nesi ndiye aliyeuliza, "Lipo wapi hilo sanduku?" Lilikuwa mkabala na mlango wangu. Mtu wa kunilalamikia alitakiwa asimame mbele yangu aandike. Tukatangaza namba ya simu, na simu hiyo anayo yeye, si mfanyakazi yeyote.

Ujumbe wa kwanza ulikuja mwaka 2023, wa sauti, kutoka kwa bibi mmoja wa ng'ambo ya mto, upande wa Bweni. "Kijana wenu wa pikipiki anamsubiri mjukuu wangu kivukoni jioni." Kijana huyo alikuwa akijitolea kutupelekea madaftari. Mjukuu alikuwa na miaka 15.

Sera yetu ya ulinzi wa watoto, ya ukurasa mmoja, ilisema wazi: mtuhumiwa anasimamishwa siku hiyo, taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndani ya saa 24, mtoto hahojiwi na sisi. Nilishiriki kuiandika. Hata hivyo tulipokaa, mmoja akasema, "Tumwite na wazazi wake tuyamalize," na mimi, mimi mwenye simulizi hii, nikatikisa kichwa kukubali. Mama yake huyo kijana ndiye aliyekuwa akiniuzia samaki. Mama Nesi akauweka ule ukurasa mezani, akaweka kidole kwenye mstari, hakusema kitu. Tulipeleka taarifa, lakini tulichelewa siku mbili. Siku mbili hizo sina pa kuziweka.

Kijana aliondolewa. Dawati lilichukua maelezo. Baadaye familia ya binti haikutaka kuendelea na shauri, likaishia hapo, na sina habari njema ya kuongeza ila kwamba binti anasoma. Samaki siku hizi nanunua mbali. Kama uko Tanzania na una jambo la namna hii, hata huna sera, namba 116 ni ya simu za watoto na haitozi. Piga kabla hujaitisha kikao, maana kikao ndicho kinachopoza.

Mfadhili alirudi mwaka huo huo, na nusu ya kile alichokuwa ametuahidi. Ile 3,598,000 tuliilipa kwa michango: mweka hazina alitoa sehemu yake kidogo kidogo, mkwe wa Mwalimu alishona sare 60 bila kutoza ushonaji, iliyobaki tukachanga wafanyakazi na bodi. Katiba tuliibadilisha, tukapeleka mabadiliko kwa Msajili: mjumbe anakaa miaka mitatu, anaweza kurudi mara moja tu, na ndugu wawili hawakai bodi moja. Mwalimu aling'atuka, akawa mlezi asiye na kura wala saini. Aliomba abakishiwe jambo moja, kuwakabidhi watoto sare kila Januari, tukampa. Daftari la nazi alilileta ofisini. Liko kabatini, na kila mfanyakazi mpya namwonyesha kabla sijampa sera.

Novemba 2024 tulikuwa tunanunua madaftari na kalamu. Katibu aliita majina, akafika kwangu: katika mambo ya leo, kuna ndugu yako? Dada yangu, tuliyechangia ziwa moja, ana duka la vifaa vya shule, na profoma yake ilikuwa ya pili kwenye jalada. Nikasema yupo. Nikatoka. Mwembe ule una kivuli kizuri, lakini sauti za ndani zinafika vipande vipande, nikawasikia wanacheka jambo, nikaanza kuwaza wanamcheka nani. Niliporudi walikuwa wameshachagua duka lingine.

Dada aliniuliza jioni ile, "Wewe ulikuwa wapi wakati wananiacha?"

"Nje," nikamwambia. "Chini ya mwembe."

"Nje!" alisema, akakata simu.

Muhtasari unaonyesha mratibu alitoka saa 5:20, akarudi saa 5:47. Ramadhani iliyofuata sahani yake ya tambi haikuja.